Kwa Nini Watu wa Tolina Husali Wamesimama

Zamani hizo, treni zilipokuwa zikila makaa na kunywa maji mithili ya ng'ombe, ulikuwapo mji mdogo uitwao Tolina katikati ya nyanda za Amerika, mahali ambapo macho husafiri kutwa nzima bila kukutana na mlima. Mji huo ulizaliwa na reli. Treni zilihitaji maji, likajengwa tangi. Tangi likahitaji mlinzi, mlinzi akahitaji mkate, na mwoka mikate akahitaji majirani. Kufumba na kufumbua, moshi wa nyumba themanini ukawa unapanda angani kuizunguka stesheni.

Siku hizo kanisa la Tolina lilikuwa na mabenchi, wanangu, tena si mabenchi ya kulipua. Yalitengenezwa na seremala Anselm Vik, mgane mkimya aliyetoka Uswidi na sanduku la zana na binti mmoja, Linnea. Kwa majira saba ya baridi alipiga randa mbao za mjozi, na kila benchi akalichongea ndege wawili, mmoja kila upande, wala hapana ndege aliyefanana na mwenzake. Alilijua kila fundo la kila ubao kama mtu ajuavyo makovu ya mkono wake.

Lakini mabenchi yale yaliwagawa watu. Mbele walikaa wenye maghala ya ngano na mkuu wa stesheni. Nyuma yao wenye maduka. Mwisho kabisa, karibu na mlango uliopitisha upepo, walikaa wale waliolaza mataruma na kugongomea reli. Bi Honoria Crale, mke wa mwenye ghala kubwa, alikuwa na mto wake wa mahameli kwenye benchi la kwanza, na ole wake aliyethubutu kuukalia. Anselm mwenyewe, aliyeyachonga yote, alikaa la mwisho. Hakunung'unika. Aliwatazama ndege wake kwa mbali, akaridhika.

Ikawa asubuhi moja ya Januari, jua likiwa jepesi kama maziwa yaliyotiwa maji, watu kumi na tisa walikwenda ziwani kukata barafu ya kupakia kwenye mabehewa ya nyama. Linnea alikuwa mmoja wao, awachemshie kahawa. Lilikuwa ziwa la mwendo wa saa moja kwa miguu, na kati yake na mji hapakuwa na mti, ua wala jiwe.

Adhuhuri upepo ukageuka. Husimuliwa kwamba mbingu ilishuka ikalala juu ya ardhi, na ulimwengu wote ukawa mweupe, bila juu wala chini. Mtu alinyoosha mkono asione vidole vyake. Theluji haikuanguka, iliruka kama unga uliopulizwa, na ndani ya weupe ule watu kumi na tisa walikuwa wakitafuta njia ya kurudi nyumbani.

Mjini watu wakapiga kengele ya kanisa. Upepo ukaimeza. Hapo Anselm akakumbuka treni ya adhuhuri, iliyokuwa imekwama stesheni kwa dhoruba. Akaenda akipapasa kuta, akamkuta dereva, Fintan Garrity, akijipasha moto mbele ya tanuri la injini.

"Bwana Garrity," akasema, "piga honi. Usiache."

Garrity akavuta kamba. Sauti ikatoka nene na ndefu, ikaupasua upepo, ikaenda zake uwandani. Ikatoka tena, na tena. Lakini honi ya treni hulia kwa mvuke, mvuke hutaka moto, na makaa yalikuwa yamebaki kidogo mno.

"Sauti ninayo, Bwana Vik," dereva akasema. "Chakula chake ndicho sina. Nusu saa, basi."

Watu wakaleta kuni za majumbani. Wakaleta mapipa, nguzo za nyua, masanduku ya stesheni. Moto ukala vyote. Kutoka katika weupe wakaanza kutokea watu, wawili, kisha watatu, nyusi zao zimeganda, wakitembea kama waotao ndoto. Wanne wakaja, kisha watano. Wakahesabiwa kumi na wanne. Linnea hakuwamo, na honi ikaanza kukohoa.

Anselm akageuka. Alichukua shoka lake, akaenda kanisani, na watu wakamfuata. Akasimama kwenye benchi la mwisho, lake mwenyewe, akaliwekea kiganja jinsi mtu anavyomtuliza farasi. Kisha akapiga. Mjozi mkavu ulipasuka kwa mlio wa kumtoa mtu machozi, naye akaendelea, benchi baada ya benchi, akisonga mbele. Majira saba ya maisha yake yakapita mlangoni mikononi mwa watu.

Alipofika benchi la kwanza akamkuta Bi Honoria amesimama mbele yake. Mama huyo hakuwa na ndugu ziwani. Wakatazamana.

"Shoka limekulemea, Bwana Vik," akasema. "Shika upande ule, nami nishike huu. Tulibebe zima zima."

Wakalibeba wawili, na mto wa mahameli ukiwa juu yake, nao ukaingia motoni.

Honi ikalia. Uwandani Linnea alikuwa amewafunga kamba kiunoni wenzake watatu, akawavuta kwa kuifuata sauti ile, akianguka na kuinuka, hata mkono wake ukagusa chuma cha reli. Baba yake alimpokea, akamshika uso kwa mikono miwili.

Wakahesabu tena. Kumi na wanane. Aliyebaki ni Dankan Pike, mzee wa reli. Hapakuwa na ubao tena. Honi ikapungua, ikawa pumzi, ikanyamaza. Theluji ilipotulia walimkuta Mzee Pike hatua arobaini kutoka stesheni, uso wake umeelekea ilikotoka sauti.

Jumapili wakamzika. Kanisani palikuwa patupu, na wote wakasimama. Linnea, aliyepoteza vidole vitatu vya mguu, alikataa kurudishwa nyumbani. Bi Honoria akampa bega upande mmoja, na mgongomea reli mmoja akampa upande wa pili.

Majira ya kuchipua Anselm akaja na mbao mpya za mjozi na kamba yake ya kupimia. Watu wakamtazama. Bi Honoria ndiye aliyesema.

"Bwana Vik, hatua arobaini za Mzee Pike zilikosa moto wa benchi moja tu, sivyo?"

Anselm akazitazama mbao zake. Akaikunja kamba yake, akazibeba mbao mpaka stesheni, akazipanga chini ya paa pakavu, na watu wote wakamsaidia.

Na tangu siku hiyo watu wa Tolina husali wamesimama, na mbao zao husubiri stesheni. Treni za leo hazili kuni, na nyingi hupita bila kusimama, lakini kila vuli kila nyumba huongeza ubao mmoja. Mgeni akiingia kanisani akatafuta pa kukaa, hakuna amwelekezaye. Aliye karibu humpa bega.