Duara la Lugwisha

Mtu mmoja aitwaye Lugwisha alikuwa na shamba la mtama nyuma ya nyumba yake, na chini ya mtama ule palikuwa na dhahabu. Akaita wachimbaji. Siku ya kufungua duara, kama wanavyoliita shimo lao, walichinja kondoo mweusi ili mambo yawe mema. Minza, mke wa Lugwisha, akauliza kifusi kitawekwa wapi, maana siku moja shimo litahitaji kufukiwa. Kwa wachimbaji, kutaja kufunga duara siku ya kulifungua ni kuifukuza dhahabu. Lugwisha aliogopa mkosi, akamkaripia mbele ya wageni.

"Minza, nani anunuaye sanda siku ya harusi?"

Wakacheka. Minza hakuuliza tena.

Basi kifusi kikaachwa ovyo. Waliotaka udongo walikuja na mikokoteni wakajichukulia, na uliobaki ukashuka mtoni na mvua. Lugwisha aliwashukuru kwa kumsafishia uwanja. Miti yake ya mpakani ilikatwa ikawa matimba ya kushikilia kuta za shimo. Dhahabu ilitoka, nayo ililiwa. Kisha mwamba ukawa mtupu, na wachimbaji, ambao kwao si pale, wakang'oa matimba wakaenda nayo kwingine. Hakuna aliyeaga.

Masika yalipoingia, shimo likajaa maji na kuta zikaanza kumeguka. Kila mvua ilipokatika Lugwisha alitoka na kukuta ukingo umeisogelea nyumba. Akauzungushia miiba, nayo miiba ikaporomoka. Akaenda kuomba udongo kwa majirani, wakamwambia kwa upole kwamba hakuna mtu achimbaye shamba lake ili ajaze shimo la mwenzake. Pa kuhamia hakuwa napo. Hofu ikamwingia. Hakuiogopea nyumba, alimwogopea Kashinje, kitindamimba wake, aliyezaliwa wakati dhahabu ikiliwa. Mtoto huyo ndiyo kwanza alikuwa akijifunza kutembea, na alipenda maji.

Ndipo Lugwisha akafanya jambo ambalo baba halifanyi. Kila yeye na Minza walipokwenda kwenye vibarua, alimfunga mwanawe kamba kiunoni, akaifunga kwenye mguu wa kitanda kama afungavyo mbuzi. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Huko kibaruani baba hakuweza kushika jembe kwa kuliwazia lile fundo, kama lilikaza au halikukaza, na mara nyingi aliacha kazi akarudi mbio.

Siku moja alirudi hivyo, akamkuta Kashinje amelala salama sakafuni na kamba yake kiunoni. Akashusha pumzi. Kisha akaona ufa. Ulikuwa umepita chini ya ukuta, ukaingia chumbani, ukafika chini ya kitanda.

Nanyi mnaofungua maduara leo, huyo mtoto atakayezaliwa kesho mtamfunga wapi?