Mzee Aliyetaka Kuzikwa Ubavuni kwa Jemadari

Nisikilizeni. Mwenye mtoto anayelia amnyonyeshe hapo hapo alipokaa, asitoke nje, maana mfano wenyewe ni mfupi.

Huko Uskoti, nchi ambayo mvua haiji ikaondoka bali hukaa kama mgeni asiye na kwao, paliishi mzee mmoja na mkewe. Walikaa pembeni mwa jiji, kitongoji cha watu walioshiba: nyumba za mawe, maua getini, mbwa wanaovalishwa sweta. Na kitongoji kilikuwa na makaburi yake, yamepanda kilima, nyasi zimekatwa vizuri kuliko nywele za wengi wenu.

Sasa mjue desturi ya kule. Watu wa nyumba moja huzikwa kaburi moja. Shimo huchimbwa refu, wa kwanza akalala chini, wa pili juu yake, wa tatu juu ya hao, na jiwe ni moja tu, majina yakafuatana kama wapangaji. Mzee na mkewe walikuwa na kaburi la namna hiyo kule bondeni, karibu na geti. Ndani yake alilala binti yao, aliyekufa hata meno ya utoto hayajang'oka. Jina lake liko juu kabisa kwenye jiwe, na chini yake pameachwa patupu. Hapo ndipo pa baba na mama.

Kule juu kilimani, katikati ya makaburi, kulikuwa na mawe ya Warumi. Ndiyo, Warumi hao hao mnaosomewa hapa kanisani kila mwaka karibu na Pasaka. Walifika mpaka kule na mikuki yao, wakajenga ukuta na kambi, kisha wakaenda zao. Yakabaki mawe: msingi wa ukuta, chumba kimoja kirefu kisicho na paa, na mfereji uliojengwa kwa mawe ukipita pembeni ya kile chumba. Kuzunguka hapo ndipo walipozikwa wakubwa wa zamani, makapteni wa meli na wenye viwanda, na malaika wa mawe juu yao, nusu yao wamevunjika pua.

Mzee alipostaafu akakosa wa kumwamrisha. Mtu wa hivyo ni hatari, mnao majumbani mwenu. Akaanza kupanda kilima kila siku, akizunguka kile chumba na fimbo yake, mpaka akajiaminisha kwamba ni kaburi la jemadari mkuu wa Warumi. Nani alimwambia? Hakuna. Lakini kila Jumapili baada ya ibada alipandisha wageni kule juu. "Hapa ndipo kichwa kilipolala. Hapa miguu. Na mfereji huu, ndimo walimomimina divai ya kumuaga." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mtu akiwa na sauti nzito na koti zuri, nani atambishia?

Mwishowe akaomba kwa wasimamizi apewe nafasi inayogusana na kile chumba. Wakampa. Akarudi nyumbani amevimba kama andazi.

"Mke wangu, tumepata! Ubavuni kwa jemadari kabisa."

Mama alikuwa anamenya viazi. "Tumepata nani na nani?"

"Mimi na wewe."

"Na mtoto?"

"Mtoto ameshalala, tusimsumbue. Kule bondeni ni njia ya watu, mke wangu, getini pale. Kule juu watu watatoka mbali kuja kutuona."

"Watuone tukifanya nini?"

Mzee akageuza mazungumzo. Akasema, "Sasa mimi nikilala juu, wewe utakuwa wapi?"

"Nitakuwa chini na mwanangu. Wewe nenda kwa mwanajeshi wako."

Akaendelea na viazi vyake. Hakulia, hakutupa kisu. Jamani, watu wamelala kitanda kimoja tangu ujana, wamezika mtoto pamoja, leo wanaachana kaburini. Talaka ya mifupa! Mmeisikia wapi? Na mzee hakurudi nyuma. Akaenda kwa fundi, akaagiza jiwe la kule juu, jina lake peke yake, refu kuliko la kapteni.

Basi mvua ile ile isiyochoka ikabomoa ukingo wa mfereji. Chuo kikuu kikatuma wachimbaji wa mambo ya kale. Jumapili mzee anapanda na wageni wake, anamkuta mwanamke amevaa mabuti ya mpira, amepiga magoti kwenye tope, anapangusa mawe kwa brashi.

"Taratibu hapo, dada. Umepiga magoti juu ya miguu ya jemadari."

Yule mwanamke akainua uso. "Jemadari gani, mzee?"

"Aliyezikwa humu."

"Humu hakuzikwa mtu. Hapa juu ya mfereji palikuwa na ubao mrefu wenye matundu. Askari walikaa wamepangana, wanapiga soga."

"Wanapiga soga huku wakifanya nini?"

"Mzee wangu, hiki ni choo."

Mzee akajaribu tena, kwa sauti ndogo: "Isije ikawa ni bafu?"

"Bafu liko kule nyuma ya ule mti. Hebu njoo uone." Akamwonyesha kiganja chenye vijipunje. "Mbegu za tini. Mtu alizila, zikapita. Mfereji wote umejaa hizi. Na kilikuwa choo cha askari wa kawaida. Wakubwa walikuwa na chao."

Mgeni mmoja akakohoa. Mwingine akaanza kutazama mawingu, kana kwamba kule mawingu ni jambo geni. Na yule mwanamke, maskini, kwa wema tu, akamuuliza mzee kama yeye ndiye mwenye kile kiwanja kipya cha kaburi hapo pembeni.

Mzee akashuka kilima peke yake. Akafika nyumbani, akavua koti, akamwambia mkewe yote. Hakuficha, na hapo mumpe haki yake. Mama akashika ukingo wa sinki.

"Choo?"

"Choo."

"Na wewe uko ubavuni?"

"Ubavuni kabisa."

Akacheka mpaka akakaa chini sakafuni, akafutia machozi kwenye aproni. Mzee akasimama pale anasubiri, kama mtu anayesubiri mvua ipite. Kisha akasema, "Basi naomba nirudi bondeni."

Mama akaacha kucheka. Akamtazama.

"Ngoja kwanza. Unarudi kwa sababu ya mtoto, au kwa sababu ya choo?"

Haya, nawauliza ninyi kina mama wa kanisa mliovaa vitambaa vyeupe kichwani: mngejibu nini? Nawajua. Mmoja angesema mtoto alimtokea ndotoni. Mwingine angesema sauti ilimwita kutoka kwenye mawe. Mngelia na machozi yangetoka kweli.

Mzee alikaa kwenye kiti. Akasema, "Kwa sababu ya choo. Angekuwa jemadari kweli, ningebaki kule juu."

Mama akainuka sakafuni taratibu, magoti yake yakilia. "Haya," akasema. "Rudi. Ila anayelala karibu na mtoto ni mimi. Wewe utakaa juu yetu, mvua ianzie kwako."

"Sasa nikitangulia kufa, si nitalazwa mimi kwanza?"

"Basi usitangulie."

"Nitajitahidi," akasema mzee. Na akajitahidi kweli. Tangu siku ile alikula mboga zote alizopakuliwa bila kununa, na fundi akaambiwa lile jiwe refu alitafutie mtu mwingine.

Mnacheka. Chekeni, lakini msije mkadhani tumemcheka mzungu wa watu. Sisi hatuna Warumi, lakini jemadari tunaye. Msibani tunagombania hema la wenye viti vya kitambaa, aliyefiwa amekaa jua kali kwenye mkeka. Mama yako alivujiwa na paa miaka yote, ukasema huna nafasi. Amekufa, umemjengea kaburi la vigae lenye paa, na ukapiga nalo picha. Mheshimiwa akipita, tunasukumana tusimame karibu naye, wala hatujui hapo aliposimama pananuka nini. Tumewaacha wetu bondeni, karibu na geti, kwa sababu pale hapaonekani.

Nami naona wapo humu wanaotaka kurudi, ila wanaona haya, kwa sababu hawarudi kwa sababu nzuri. Wewe ndugu yako hukumjali mpaka tajiri wako alipokutupa. Wewe hukuja kanisani mpaka ugonjwa ulipokushika. Unajiambia: nitaenda na uso gani? Nitasemaje?

Kwani yule mama hakumjua mumewe? Alimjua kuliko daktari wake. Hakumuuliza ili amfukuze, alimuuliza ili asirudi na uongo mkononi. Alitaka mume, hakutaka hotuba. Na kama mwanamke mmoja mwenye magoti mabovu aliweza kumpokea mtu aliyerudi kwa sababu ya choo, Mungu ndiye atashindwa?

Kwa hiyo leo tukitoka hapa, shuka. Unamjua uliyemwacha kule chini, sina haja ya kumtaja mbele za watu. Nenda mlangoni kwake. Akikuuliza kilichokurudisha, usipambe, usianze kulia, usimsingizie Roho. Mwambie kule juu harufu imenishinda. Kisha nyamaza, umwache acheke mpaka amalize.