Kindi Aonja Asali ya Malkia

Hadithi yabisha hodi.
—Ipite ndani.
Yatoka Ulaya, inatetemeka.
—Isogezeeni jiko.

Huko kwenye baridi, ambako mimi nilitembea na makoti matatu nikafanana na godoro, palikuwa na Malkia wa dubu mwenye kaka wanne. Wa kwanza akaanguka ngazini. Kengele ya msiba ikalia, ngo. Wa pili akakwamwa na mwiba wa samaki, ngo. Wa tatu akafa kwa mafua, tena wakati wa joto; ngo. Kila mara jumba lote likasema ni kazi ya Mungu. Kindi, mwonjaji wa mezani, naye akasema hivyo hivyo, ingawa moyoni alimshuku kaka wa nne. Alikuwa na kichwa kimoja tu, na alikipenda.

Huyo wa nne aliitwa Dubu, nguvu tele, tumbo halishibi. Asubuhi moja akamwita Kindi jikoni, akamwambia ametia sumu kwenye asali. Kindi ajifanye ameonja, aseme "salama," Malkia ale, yeye Dubu atawale. Asipotaka, atatafunwa papo hapo.

Kindi akapiga hesabu. Akikataa, kufa. Akikubali, wa kunyongwa ni mwonjaji.

Desturi ya meza ile, Malkia hagusi kijiko mpaka mwonjaji aseme "salama." Kindi akachovya kidole kimoja, akalamba kingine. Lamba, lamba.

"Tamu, Mama, lakini bado sina hakika."

Akachovya tena, akalamba kingine. Lamba, lamba.

"Tamu mno. Bado, lakini."

Dubu akakodoa macho. Aliambiwa ajifanye, naye analamba kweli! Mbona hafi? Bila shaka muuza sumu kamuuzia unga wa ngano. Na asali yenyewe ni mtungi mmoja kwa mwaka, nchi nzima! Mate yakamdondoka, to, to, to.

"Wewe kimkia, umeonja vya kutosha," akanguruma. "Lete nikusaidie."

Akaunyakua mtungi. Gugu, gugu, gugu, mpaka chini. Puu. Chali.

Kindi akamgeukia Malkia, akingoja mayowe. Malkia akapangusa midomo kwa leso, akaagiza kengele ipigwe, watu waambiwe ni moyo.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Wale watatu nilihangaika nao peke yangu."

Kindi akaomba ruhusa ya kwenda haja, akatokea dirishani, akaparamia mti. Mpaka leo hashuki bila kuangalia kushoto na kulia.

Hadithi yangu imekoma. Iliyo nzuri chukueni. Mbaya nirudishieni, niwapelekee wakwe. Na funzo lake, jamani, ni kwamba ndugu wakila meza moja hupendana zaidi. Kesho njooni kwetu nyote. Anapika dada yangu.