Mbwa Aliyeitwa Sikuombi

Mbwa umjuaye jina ni wako. Ndivyo shangazi yenu alivyomwambia Tusekile mchana huu alipokuwa akimfungia vyombo vya kuhamia kwa mumewe, nanyi mkacheka, mkadhani ni maneno ya kumfurahisha bibi harusi. Mkaniuliza tangu lini mbwa wa mtu akawa wa mwingine kwa sababu ya jina tu. Haya, sogeeni, chai bado haijachemka. Methali hii ilizaliwa mtaa wa Mikaratusi, kule juu milimani upande wa Rungwe, na ilizaliwa hivi.

Palikuwa na bwana mmoja akiitwa Ambakisye, msoma mita za maji. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba, kuinama kwenye mita na kuandika tarakimu. Kwa kazi hiyo aliijua kila nyumba ya Mikaratusi, ila hakuzijua kwa watu wake, alizijua kwa mbwa. Hii ni ya mbwa mweusi. Ile ya mbwa mwenye sikio moja. Ile pale usiingie kabla hawajamfunga. Aliwaogopa mbwa kuliko kitu chochote chini ya jua. Alipokuwa na miaka tisa mmoja alimng'ata shavu la mguu, na kovu lake hata uzeeni lilikuwa likimwasha akisikia mbwa ananguruma.

Na mbwa Mikaratusi hawakuwa haba. Kule ukungu hushuka jioni, hauondoki mpaka jua limepanda, na mtu haoni hatua kumi mbele yake. Kwa hiyo kila ua ulikuwa na mbwa wake. Tena majina ya mbwa wale, wanangu, yalikuwa barua. Mtu akikorofishana na jirani haendi kumwambia. Anafuga mbwa, anampa jina, kisha anasimama uani na kumwita kwa sauti ili jirani asikie. Mmoja aliitwa Majungu. Mwingine Watajiju. Katika nyumba iliyopakana na ya Ambakisye alikaa mjane mmoja, Bi Sekela, mfumaji wa masweta, naye alikuwa na mbwa mkubwa wa rangi ya kahawia aitwaye Sikuombi.

Jina lile lilikuwa barua kwa Ambakisye. Miaka miwili nyuma bomba la Bi Sekela lilipasuka, akaenda kwa jirani yake kuomba ndoo ya maji. Ambakisye alimjazia, lakini alipokuwa akimtwisha akasema, "Leo ndoo, kesho utataka na bomba lenyewe." Yeye alidhani anatania. Bi Sekela aliitua ndoo ile pale pale, akarudi kwake mikono mitupu. Mwezi uliofuata akaleta mtoto wa mbwa. Tangu hapo kila asubuhi Ambakisye akiwa anakunywa chai husikia ng'ambo ya ua, "Sikuombi! We Sikuombi! Njoo ule!" naye hukitua kikombe.

Mkewe Ambakisye aliitwa Lwitiko. Alikuwa mpishi kwenye kiwanda cha chai, na ilimpasa kutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili wafanyakazi wakute uji tayari. Asubuhi moja ya mwezi wa sita alitoka kama kawaida, akashika njia ya mikaratusi peke yake. Ambakisye alikuwa bado kitandani, macho. Akasikia mbwa wa upande wa juu wa mtaa wanaanza kubweka, wa kati wakapokea, mpaka Sikuombi naye akaungana nao hapo ukutani.

"Laana ya mbwa hawa," akasema, akavuta blanketi mpaka masikioni na kugeukia ukutani.

Haukupita muda mrefu mlango ukagongwa. Alikuwa Lwitiko, mguu mmoja peku, tope mpaka kifuani, ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto. Vibaka wawili walimtokea kwenye ukungu, wakamnyang'anya mkoba na kumsukuma mtaroni. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika.

"Nilipiga kelele, Baba Lusajo," alisema akiwa amekaa kwenye kigoda. "Mbwa wote walibweka. Nikajua sasa hivi mtu atatoka."

Ambakisye akapiga magoti kumvua kile kiatu kimoja kilichobaki. Hakumwambia kwamba alikuwa macho. Lakini jambo lile lilimkaa rohoni, hata mkono wa mkewe ulipofungwa plasta kule hospitali, akawa anaitazama plasta ile na kuyasikia tena maneno yake mwenyewe, laana ya mbwa hawa.

Lwitiko alikuwa mtu wa tatu kuporwa mwezi ule. Jumapili baada ya ibada, Mzee Asajile, balozi wa nyumba kumi, aliwaita watu wote uani kwake. Akauliza swali moja tu: siku ile nani alisikia mbwa? Wote walikuwa wamesikia. Na nani alitoka? Hakuna.

"Mbwa wangu hubwekea hata jani likianguka," mmoja alijitetea. "Nikitoka kila akibweka, nitalala lini?"

Ndipo Bi Sekela aliposimama. "Mbwa wetu wanabwekea ndani ya ua," alisema, "na kibaka anajua kwamba ua hautembei. Tuwatoe. Alfajiri na jioni tushike kamba, tupite nao njiani wawili wawili, tuwasindikize wanaokwenda kazini."

Watu wakaguna, wakatazamana, mwisho wakaona ni neno. Mzee Asajile akapanga zamu za kujitolea, kila nyumba na siku yake. Kisha akasema, "Kuna jambo moja. Mbwa hamtii mtu asiyemwita kwa jina. Kila mwenye mbwa asimame, ataje jina la mbwa wake, na wote tulishike."

Lo! Uani pale watu walianza kukohoa ghafla. Huyu anakuna kichwa, yule anafunga kamba ya kiatu iliyokwisha fungwa. Mwenye Majungu alitaja jina huku akitazama mawingu. Mwenye Watajiju alilisema kwa sauti ya mgonjwa. Ilipofika zamu ya Bi Sekela alisema, "Wangu ni Sikuombi," na hakumtazama mtu. Nao walikuwa wakiyajua majina yale siku zote, sema hakuna aliyewahi kuyatamka uso kwa uso na aliyelengwa.

Ambakisye akasimama mwisho. "Mimi sina mbwa," alisema. "Nawaogopa, na nadhani mnajua. Lakini asubuhi ile mke wangu alipopiga kelele, mimi nilikuwa macho. Niliwasikia mbwa nikajifunika blanketi. Niwekeni kwenye zamu."

Lwitiko alikuwa amekaa na akina mama. Alimtazama mumewe, kisha akainamisha uso. Siku ile walipokaa kula nyumbani, Lwitiko ndiye aliyelianza jambo lile. "Heri umesema," alimwambia. "Nilishangaa siku ile jinsi ulivyofungua mlango upesi."

Balozi alimpanga Ambakisye na jirani yake. Asubuhi ya kwanza Bi Sekela alishika kamba ya mbwa, Ambakisye akashika tochi na kutembea upande wa pili wa barabara kabisa. Sikuombi alimnusa kwa mbali akanguruma.

"Mwite jina," Bi Sekela alisema.

"Siwezi."

"Mtu mzima huwezi kumwita mbwa?"

"Mbwa naweza. Neno lile ndilo siwezi."

Bi Sekela alitaka kukasirika, badala yake akacheka mpaka akasimama. Ambakisye hakuwa amemsikia akicheka kwa miaka miwili. Basi naye akapata nguvu. "Dada yangu," alisema, "lile neno la ndoo lilikuwa utani mbaya. Nisamehe."

Bi Sekela akaifupisha kamba mkononi. Kisha akasema, "Mwite basi."

"Sikuombi," akaita Ambakisye, sauti ndogo kama ya mtu aliyemezwa na shimo. Mbwa akainua masikio. Akatikisa mkia mara moja, kama anayesema tutaona.

Zamu zikaendelea. Akina mama wa kiwandani wakawa wanakutana kwenye kona ya duka, wanasindikizwa mpaka barabara kuu. Wenye mbwa wakajuana. Majungu akazoeana na Watajiju kabla wenyewe hawajazoeana, nao wakaona aibu wakafuata. Ambakisye akaweza kuwaita mbwa wote kumi na wawili kwa majina, ingawa kumgusa hata mmoja alikuwa hajathubutu. Na vibaka hawakuonekana, watu wakaanza kusema wamehamia kwingine.

Mwezi wa nane plasta ya Lwitiko ikatolewa, akapangiwa siku ya kurudi kazini. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Ambakisye. Lakini Bi Sekela alishikwa na homa jana yake, akalala. Ambakisye angeweza kwenda kuomba mbwa nyumba nyingine. Akawaza, kutoka hapa mpaka kona ya duka ni mwendo mfupi, na mambo yamepoa. "Twende hivyo hivyo," alimwambia mkewe.

Hawakuwa wamemaliza kuupita ua wa Bi Sekela walipotoka watu wawili kwenye ukungu. Mmoja alikuwa na panga. Yule mwingine aliukamata mkono wa Lwitiko, mkono ule ule, akaupinda. Lwitiko akalia kilio ambacho Ambakisye hakuwahi kukisikia siku ile ya kwanza, kwa sababu siku ile ya kwanza alikuwa amejifunika. Akamrukia yule mtu. Akapigwa ngumi, tochi ikaruka, na alipojaribu kuinuka panga lilikuwa mbele ya uso wake.

Akafumbua kinywa, na lililotoka ni moja tu. "Sikuombi!"

"Ati nini?" alisema mwenye panga.

"Sikuombi! Sikuombi!"

"Huniombi? Leo utaniomba sana!"

"Sikuombi! Majungu! Watajiju!" Ambakisye alikuwa akipiga kelele kwa nguvu zake zote. Kibaka akamgeukia mwenzake, "Huyu kichaa," na hapo ndipo uzio wa mabanzi nyuma yao ulipovunjika.

Sikuombi alitoka ukunguni kama jiwe lililorushwa. Ambakisye alimwona anakuja akafumba macho, maana ulikuwa mlango wa hofu zake zote umefunguliwa. Akasikia pumzi ya mbwa ikimpita shavuni. Alipofumbua, Sikuombi alikuwa ameshika mkono wa koti la mwenye panga na panga liko chini. Na mtaa mzima ulikuwa ukifungua milango. Siku zote mbwa akibweka mwenyewe husema ni yale yale. Lakini asubuhi ile watu hawakusikia kubweka. Walisikia mtu anamwita mbwa wao kwa jina lake, na mtu akimwita mbwa wako alfajiri, huulizi, unatoka.

"Nani anamwita Majungu?"

"Watajiju, nenda! Nenda huko!"

Wakaja na mbwa, na fimbo, mmoja na mwiko wa ugali. Yule aliyempinda Lwitiko mkono alikimbilia kwenye ua wa michongoma, akakwama humo na kuomba mwenyewe atolewe. Mwenzake hakuwa na pa kwenda. Vijana wakataka kuwapiga, Mzee Asajile akasimama katikati na blanketi lake begani. "Tumewatoa mbwa uani," alisema, "hatukujitoa sisi kuwa mbwa." Wakafungwa kwa zile zile kamba za doria, wakapelekwa polisi wakiwa wazima.

Lwitiko aliukunja mkono wake na kuukunjua, akaukunja tena. "Haujavunjika," alisema. "Baba Lusajo, haujavunjika!" Akacheka na machozi yakimtoka. Ambakisye akakaa kwenye ukingo wa mtaro. Hapo Sikuombi akaja, akakaa juu ya viatu vyake na kumwegemea kwa uzito wake wote. Ambakisye alimtazama. Kisha akaweka mkono juu ya kichwa kile kipana, polepole, nao mkono ukatulia.

Bi Sekela akafika akiwa amejitanda khanga mbili juu ya sweta, homa bado machoni. "Nilikuwa nimelala," alisema, "nikakusikia unapiga kelele sikuombi, sikuombi. Nikajua kweli unaomba."

"Nilikuwa naomba, dada."

"Nitambadilisha jina mbwa huyu. Ninaona haya."

"Usimbadilishe!" Ambakisye alisema, mkono ungali kichwani kwa mbwa. "Ndilo ninalolijua."

Asubuhi ile wafanyakazi wa kiwanda walichelewa kupata uji, na hakuna aliyenung'unika, kwa kuwa kila aliyeshika kikombe alitaka hadithi isimuliwe upya tangu mwanzo. Kwenye bomba la mtaa mama mmoja alimwuliza Lwitiko, iweje mbwa wa Bi Sekela avunje uzio kwa ajili ya watu wasiomfuga? Lwitiko akajitwisha ndoo yake, akamjibu, na jibu lake ndilo lililotoka Mikaratusi likashuka mabondeni mpaka likatufikia sisi.

Sasa Tusekile kesho anakwenda mahali asipomjua hata mmoja, na geti la jirani lina mbwa. Chai ile imechemka, nendeni mkamimine, na mkimpelekea kikombe chake mwambieni tena vile shangazi yake alivyomwambia: mbwa umjuaye jina ni wako.