Hodi Kwenye Bwawa la Wanawake

Hapo zamani, wala si zamani ya kutisha, palikuwa na bwawa la kuogelea katika hoteli moja ya Bukoba, mji ambao radi zake hazina simile. Kaeni vizuri. Hadithi hii nimeisimulia nikachoka, na kila mara watu huondoka wamenuniana.

Ijumaa alasiri bwawa lilikuwa la wanawake. Pazia zito lilivutwa, na Kamugisha, mlinzi wa bwawa, akakaa nje yake. Sheria ilikuwa hivi: ngurumo ikisikika, Kamugisha apulize filimbi na wote watoke majini, wakae ndani ya jengo. Nusu saa ikipita bila ngurumo, apulize tena, warudi.

Ijumaa hiyo ilinguruma. Filimbi ikalia, wanawake wakatoka. Adelina, mtunza mlango, akafunga. Wakangoja. Mara jua likatoka, nusu saa haijaisha.

"Shangazi, tufungulie," wakamwambia Adelina. "Saa yetu inaisha, wanaume wataingia."

Adelina akakataa. Wakaomba, akakataa. Wakaomba tena, akachoka, akafungua.

Wakamgeukia Kokugonza, mwalimu wao wa kuogelea. "Mwalimu, tuingie?"

Kokugonza akatazama juu. "Kidogo tu," akasema.

Wa kwanza kuingia alikuwa Kemilembe, msuka mikeka, mjane anayelea watoto kwa vidole vyake.

Kamugisha akasikia maji yakirushwa. Akasogea kwenye pazia. "Hodi," akasema. "Hodi humo ndani." Wanawake wakakimbilia khanga zao, hakuna aliyeitika. Alipofungua kinywa mara ya tatu, radi ikapiga nguzo ya taa kando ya bwawa.

Kemilembe walimtoa majini akiwa hai, tumshukuru Mungu. Lakini mkono wa kulia ulikufa ganzi, na daktari akasema huenda utarudi, huenda usirudi. Inaumiza, jamani. Mkeka hausukwi kwa mkono mmoja.

Adelina, Kokugonza na Kamugisha wakaenda kumpa pole.

"Pole nimeshiba," Kemilembe akawaambia. "Nataka mkono. Mmoja wenu aache kazi, aje kukaa hapa, nimfundishe, anisukie mpaka wangu upone. Mmoja tu, kwangu hapatoshi."

Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa na watoto wake nyumbani.

Adelina akasema, "Mimi nilifungua mlango tu. Mlango haumtupi mtu majini. Walimuuliza mwalimu, na mwalimu akaruhusu."

Kokugonza akasema, "Niliruhusu, sikatai. Lakini mlango ungebaki umefungwa, ningeulizwa nini? Nawe mlinzi, ulisikia maji. Mbona hukupuliza filimbi?"

Kamugisha akasema, "Filimbi ya pili ni ya kurudi majini. Ningepuliza, hata waliobaki ndani wangeingia. Niwafunulie pazia wake za watu wakiwa uchi? Nilibisha hodi kama mtu aliyelelewa."

"Ungepiga kelele kwamba radi inakuja," Kemilembe akamjibu taratibu. "Adabu yako imenigharimu mkono."

"Nawe uliijua sheria," Kamugisha akasema.

"Niliijua. Ndiyo maana nalipa tayari. Nauliza nani analipa pamoja nami."

Hapo mtoto mdogo wa Kemilembe akaja kuuliza kama kuna chakula.

Haya, wasikilizaji. Msiniambie wote watatu, nafasi ni ya mmoja. Msiniambie hakuna, watoto wana njaa. Je, nani alistahili kuketi kwenye ukindu ule, amsukie Kemilembe mikeka?