Mkono Ulioitwa wa Shari

Gereji nzima ilimwita Shoto. Alikuwa fundi wa injini, mwanamke wa miaka thelathini na mitano, na nati aliifungua kwa mkono wa kushoto kwa wepesi wa mtu anayemenya ndizi. Utotoni walimu waliucharaza mkono huo viboko ili auache. Ukavimba, lakini haukuacha kazi. Siku hiyo alitaka kitu kimoja tu: cheo cha fundi mkuu. Mwenye gereji alikuwa njiani kuja kukitoa, akingoja tu neno la msimamizi.

Msimamizi mwenyewe alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Mafundi walimbandika jina la Kamusi, maana hata spana hakuiomba bila kuchomeka Kiingereza.

"Shemeji, cheo hiki hakikufai," Kamusi alisema mbele ya watu wote. "Unajua Waingereza ustadi wanauitaje? Dexterity! Nimechimbua asili yake: limetoka kwenye Kilatini, neno la mkono wa kulia. Na neno la Kilatini la kushoto ndilo lililowapa Waingereza jina la jambo lenye shari: sinister! Sikutunga mimi. Lugha yenyewe imeshaamua."

Mafundi wakaangua kicheko.

"Miaka minane injini niliyoifunga haijarudishwa hata moja," Shoto akajibu. "Hilo neno lako limefunga injini ngapi?"

"Usinivunjie heshima! Nenda kaoshe vyuma."

Hasira zilimpanda Shoto mpaka utosini. Kaoshe vyuma! Yeye, aliyemfundisha mtu huyo huyo kurekebisha vali alipokuja hapa hajui hata kushika nyundo! Kweli, shukrani ya punda ni mateke. Aliinama kwenye beseni la dizeli, akasugua vyuma kwa nguvu hadi brashi ikapukutika.

Punde lori likaingia, likazimwa langoni, likakataa kuwaka tena. Starta ilikuwa imekufa. Katika malori ya aina hiyo starta imejificha kwenye mwanya mwembamba nyuma ya bomba la moshi, na fundi akilala chini, mkono wa kulia unabanwa na tairi. Unaobaki huru ni wa kushoto. Ndiyo maana siku zote kazi hiyo ilikuwa ya Shoto. Lakini mwenye gereji alikuwa ameshafika, na Kamusi akaona hapa ndipo pa kujionyesha.

"Leteni spana. Leo mtauona ustadi!"

Akalala chini ya lori, akaupindisha mkono wa kulia juu ya kifua, akausukuma mwanyani. Nati ikagoma. Akasukuma zaidi, mkono ukanasa hadi kwenye kiwiko, na bomba lilikuwa bado la moto.

"Mama wee! Naungua! Nitoeni!"

Mafundi wakamvuta miguu, kelele zikazidi.

"Nani anaujua mwanya huu?" mwenye gereji akafoka.

Wote wakamgeukia Shoto. Alitamani amwache aungue, wala hakuona haya kutamani hivyo. Lakini dada yake ndiye angebaki akimlisha uji mume kilema. Akajitupa chini, akapenyeza mkono wa kushoto, akalegeza kibano cha bomba. Mkono wa Kamusi ukachomoka, ngozi imebabuka. Shoto hakuinuka. Alifungua nati zote, akaishusha starta.

"Haya, msimamizi," mwenye gereji akasema. "Fundi mkuu ni nani?"

"Ni... ni shemeji."

"Sema kwa mkono gani!" Shoto akang'aka, machozi ya hasira yakimlengalenga. "Umeutukana mbele ya watu, uusafishe mbele ya watu!"

Kamusi akautazama mkono wake uliokuwa ukifura malengelenge.

"Wa kushoto," akasema.

Safari hii hakuna aliyecheka. Shoto akapokea funguo za stoo ya vifaa bila kusema asante, akamwamuru shemeji yake aende zahanati kabla mkono haujaoza. Na wenye kujua maneno mengi walijue na hili, la kwetu: mdharau mwiba, mguu huota tende.