Fundi wa Mlango Hakaribishi Wageni

Fundi wa mlango hakaribishi wageni. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia mshenga hivyo leo, mkacheka, kisha mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Kaeni niwaeleze. Methali hii haikuanza enzi za mababu. Ilianza hapahapa Rungwe, nami nilikuwapo, na mwanzo wake ni huu.

Palikuwa na mwalimu aitwaye Atupele, asiyeona tangu utotoni. Alifundisha wanafunzi wasioona, na kila mwaka ndiye aliyewaombea karatasi za mtihani za nukta nundu. Kazi hiyo aliifanya kwa kompyuta iliyomsomea kwa sauti kila kilichoandikwa. Kwa kufungulia kurasa za mtandao alikuwa amechagua kivinjari kimoja, kwa kuwa ndicho pekee kilichopatana na ile sauti. Kompyuta ilikuja na kivinjari kingine cha kampuni iliyoitengeneza, lakini ndani ya hicho sauti ilikatika, akabaki gizani mara mbili.

Mwaka huo kompyuta ilianza vituko. Kila ilipojisasisha, viungo vya maombi alivyotumiwa kwa barua pepe vilifunguka kwenye kivinjari cha kampuni. Mwalimu Atupele alirudisha chaguo lake. Baada ya siku chache likabadilika tena. Akarudisha. Likabadilika.

Mwalimu mkuu, Mzee Kabuje, hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na haraka. Akamwambia, "Mwalimu, nadhani unabonyeza pasipostahili. Mwakani kazi hii tumpe mwenye macho."

Mimi nilikuwa nafundisha darasa la jirani, na siku ile nilimwona Mwalimu Atupele ameketi na mikono mapajani, hata chai hakuigusa. Miaka kumi na minne hakuwahi kukosea jina la mtoto. Sasa akaanza kushuku vidole vyake mwenyewe.

Siku ya mwisho ya maombi ikafika. Watoto kumi na mmoja, kila mmoja na kiungo chake, na mwisho ulikuwa saa kumi jioni. Asubuhi akafungua kiungo cha kwanza. Kimya. Akaomba aitiwe Ambakisye, fundi wa kompyuta mjini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Niambie kweli, bila kunionea huruma. Ni mimi ninayeharibu?"

Ambakisye naye alidhani hivyo. Akaweka chaguo la mwalimu kwa mkono wake mwenyewe. Kompyuta ikataka kujisasisha, akairuhusu, ikazima na kuwaka. Akatazama kwenye mipangilio, akatazama tena.

"Limebadilika," akasema. "Wewe hukugusa kitu. Mimi ndiye niliyegusa, na limebadilika mbele ya macho yangu."

Akatoka akamwita Mzee Kabuje, akamwambia aweke chaguo yeye mwenyewe. Mzee akavaa miwani, akabonyeza pole pole, akahakikisha mara mbili. Kompyuta ikamalizia kujisasisha, ikazima na kuwaka. Kivinjari cha kampuni kikawa kimerudi, na juu yake maneno ya kumpongeza kwa kuchagua vyema.

"Lakini sikuchagua hiki!" mzee akasema.

"Hata mimi," Mwalimu Atupele akajibu.

Ambakisye akajaribu kupoza mambo. "Mwalimu, hii kompyuta wameitengeneza wao. Labda wanaona kivinjari chao kinafaa zaidi."

"Ambakisye, mlango wa nyumba yangu ulitengenezwa na baba yako. Ni mlango mzuri, namshukuru. Je, amewahi kuja kuamua nani aingie kwangu na nani abaki nje?"

"Thubutu!"

"Basi. Fundi wa mlango hakaribishi wageni."

Mzee Kabuje akavua miwani, akasema kwa sauti ya chini, "Nisamehe, Mwalimu. Nililaumu macho yako." Mwalimu akamwambia yamekwisha, watoto wanasubiri.

Kwa kuwa chaguo halikuaminika tena, Ambakisye akamwonyesha namna ya kunakili anwani ya kila kiungo na kuibandika kwenye kivinjari chake. Ilikuwa kazi ya kuchosha, jina baada ya jina, lakini hakukubali mtu amshikie. Saa kumi kasorobo alituma jina la kumi na moja. Tukasikia ile sauti ikisema, "Imepokelewa."

Waliiandikia kampuni barua. Jibu halikuja. Likizo ilipofika, Ambakisye aliondoa mfumo wote ulioiendesha kompyuta ile, akaweka mwingine unaotii, na kazi ya maombi ikabaki kwa Mwalimu Atupele mpaka alipostaafu.

Mzee Kabuje ndiye aliyeyatoa maneno yale nje ya shule. Kwenye kikao cha kanisa, mjenzi aliyelijenga kanisa hilo alipotaka kupanga nani akae viti vya mbele, mzee alisimama akayasema. Watu wakayapokea, yakaenea. Ndiyo maana leo, mshenga alipoanza kumchagulia binti yetu mahali pa kuishi, shangazi yenu hakuhitaji hotuba. Mshenga ametuletea posa vizuri, tunamshukuru, lakini fundi wa mlango hakaribishi wageni.